Sungura mweupe anaficha nini? Jinsi ya kusoma rangi kabla hujapandisha

Wafugaji wa sungura, kuna swali linarudi kila mara: nilipandisha jike mweupe kwa dume mweusi, nikatarajia weupe na weusi, mbona wametoka wa kijivu, wengine wana madoa, mmoja kama sungura pori? Watu wanaanza kumsingizia dume wa jirani. Ukweli ni kwamba rangi unayoiona kwa nje siyo yote aliyobeba sungura, na anayeficha kuliko wote ni huyu mweupe wa macho mekundu, New Zealand White, ambaye ndo kajaa kwenye mabanda yetu.

Msingi kwanza, haraka haraka. Kila jeni ya rangi sungura anayo mara mbili, moja ya baba moja ya mama. Zikitofautiana, mara nyingi moja inatawala na nyingine inakaa kimya, ila kukaa kimya siyo kufa, anairithisha kama kawaida. Inayotawala tunaiandika kwa herufi kubwa, inayojificha kwa ndogo. Ndo maana weusi wawili wanaweza kuzaa mtoto wa bluu (bluu ya sungura ni kijivu kilichokolea, usitegemee bluu ya sketi ya shule), lakini bluu wawili hawatazaa mweusi hata ukeshe bandani, maana wote wana d mbili (jeni ya rangi iliyofifia) na hakuna wa kutoa D (ya rangi iliyokolea).

Sasa mchukue sungura wako mtoe kwenye mwanga. Puliza manyoya ya mgongoni yafunguke. Ukiona pete, yaani chini kijivu, katikati rangi ya njano au machungwa, nchani nyeusi, halafu tumbo jeupe na duara jeupe kuzunguka macho, huyo ana A, rangi ya sungura pori. Ukipuliza ukakuta weusi tupu hakuna pete na tumbo nalo jeusi, huyo ni aa. Katikati yao kuna wale wa mgongo mweusi na tumbo jeupe, hao wana at, inashindwa na A lakini inaishinda a. Hii ya kupuliza usiidharau, watu wengi wanaandika "mweusi" kumbe ni wa pete amekolea tu, na hesabu yote inaharibika hapohapo.

Baada ya hapo angalia kama weusi umebaki weusi. B ni nyeusi, bb ni chokoleti. D ni rangi iliyokolea, dd imefifia, kwahiyo nyeusi inakuwa bluu na chokoleti inakuwa ile kijivu ya kizambarau wanayoiita lilaki. Ukipandisha bluu kwa chokoleti ambao hawabebi kitu kingine, watoto wote watatoka weusi! Mtu anakata tamaa anawauza wote kwa nyama, kumbe kila mmoja kabeba b na d, na ukiwapandisha wao kwa wao (tafuta kutoka wazazi tofauti, siyo ndugu wa tumbo moja) kwa wastani kwenye 16 unapata weusi 9, chokoleti 3, bluu 3 na lilaki 1. Nimesema kwa wastani. Kama wazazi ni Dd wote wawili, kila mtoto ana nafasi 1 kwa 4 ya kuwa na dd, lakini kiota cha watoto 8 kinaweza kisitoe hata mmoja, na hilo hutokea kama mara 1 kwa 10, kwahiyo usihukumu kwa uzao mmoja.

Nyekundu na machungwa ni jeni nyingine, ee, inafuta weusi mwingi ubaki wekundu. Ukiichanganya na damu ya Chinchilla (aina ya sungura wa kijivu), ambayo yenyewe inaondoa unjano, unaweza kupata rangi chafuchafu. Mimi nisingeziweka banda moja.

Tuje kwa weupe sasa. Kuna jeni inaitwa C inayoamua kama rangi itoke kabisa au isitoke, na ina ngazi: C rangi kamili, chini yake ya Chinchilla, chini yake ya Himalayan (aina ya sungura mweupe mwenye pua na masikio ya rangi), na mwisho kabisa c ndogo. Sungura mwenye cc hatoi rangi popote, ni mweupe na macho mekundu. Ila jeni zake zingine zote zipo palepale, ni kama ukuta wenye michoro uliopakwa chokaa. Mweupe anaweza kuwa na pete, chokoleti, bluu au madoa, na wewe huoni kitu. (Weupe wa macho ya bluu ni habari nyingine kabisa, usiwachanganye na hawa.)

Californian naye wengi wanamchukulia kama rangi mbili, mwili mweupe na masikio meusi. Kiundani ni sungura mweusi mwenye jeni ya Himalayan, aliyetengenezwa California miaka ya 1920 kwa kuchanganya Himalayan, Chinchilla na New Zealand White. Jeni hiyo haifanyi kazi vizuri kwenye joto, kwahiyo rangi inatoka sehemu za baridi tu: pua, masikio, miguu, mkia. Ndo maana watoto wake wanazaliwa karibu weupe na weusi unakuja baadaye, na wakipigwa baridi kiotoni wanaweza kuota manyoya ya kijivu mwilini, tulia, yatanyonyoka. Na kwenye joto la Dar au Mombasa usishangae pua ikapauka kuliko ya mwenzake wa Lushoto au Limuru, siyo lazima uwe umeuziwa feki.

Ukipandisha Californian halisi kwa New Zealand White watoto wote watakuwa na alama za Californian, ila mara nyingi zimepauka. Kwa nyama mchanganyiko huo uko poa na unatumika sana. Lakini ukichukua hao watoto ukawapandisha wao kwa wao, robo watatoka weupe tupu, kwahiyo usimuuzie mtu kama Californian wa mbegu.

Kujua mweupe wako anaficha nini, mpeleke jike kwa dume mweusi tii asiye na pete wala madoa (jike ndo anaenda kwa dume, siyo kinyume), subiri siku kama 31, halafu soma watoto, rangi inaanza kuonekana kwenye ngozi mapema tu kabla hata manyoya hayajajaa. Wakitoka wenye pete, mweupe alikuwa na A, maana mweusi hana. Madoa nayo katoa mweupe. Mtoto wa bluu: wote wawili wanabeba d. Mtoto mweupe wa macho mekundu: basi dume wako naye ana c, andika.

Ukitaka kupima jeni moja tu, mpandishe unayemshuku kwa mwenye rangi inayojificha yenyewe. Dume mweusi kwa jike chokoleti, akitoka chokoleti hata mmoja kesi imeisha, anabeba b. Kama anabeba b, nafasi ya watoto 7 kutoka wote weusi, yaani upigwe chenga na bahati, ni 1 kwa 128, kwahiyo wakitoka hivyo mimi naridhika.

Madoa yana hatari yake kwahiyo hapa tusitanie. Mwenye madoa mazuri ana En moja (jeni ya madoa) na en moja (ya kutokuwa na madoa). Ukipandisha wenye madoa wawili, robo ya watoto wanapata En mbili, wanatoka karibu weupe wote na rangi kidogo tu masikioni na kuzunguka macho, na hao wengi wanasumbuliwa na utumbo mkubwa, kinyesi kinakuwa kikubwa kisicho na umbo, wanakonda, wanakufa mapema. Pandisha mwenye madoa kwa asiye na madoa, nusu watakuwa na madoa nusu hawana, na hutapata huyo mgonjwa.

Haya yote bila daftari ni bure. Andika baba, mama, tarehe, rangi ya tumbo, macho, pete, na watoto wote pamoja na waliokufa, maana mtoto wa bluu aliyekufa siku ya pili naye kakupa jibu. Na daftari linakusaidia kwa lile la dume wa jirani: weupe wawili wa macho mekundu, wasio na alama yoyote, wanazaa weupe wa macho mekundu tu. Ukikuta mtoto mweusi kwenye kiota hicho, usitafute jeni, kaangalie komeo la keji.