Kabla hujaupenda Lisbon: mambo ya kuzingatia mapema

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ni mji ambao mtu anaenda kutembea siku chache tu, akirudi anaanza kuulizia bei za nyumba kule. Naandika haya mapema kwa sababu ukishasimama juu pale kilima cha Senhora do Monte jioni, ukaona yale mapaa mekundu yote na mto Tejo unang'aa kule chini, ushauri wa mtu hautakuingia tena, kwa hiyo haya mambo yamalize ukiwa bado nyumbani.

Viza tuitoe njiani kwanza. Ureno iko Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, ada ni euro 90 kwa mtu mzima na wakikunyima hairudi. Maombi unapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15, ila hizo siku 15 usizitegemee hata kidogo maana kupata miadi tu ya kupeleka makaratasi kunaweza kula wiki kadhaa. Bima ya afya isipungue euro 30,000, pasipoti iwe na miezi 3 mbele baada ya tarehe yako ya kuondoka Ulaya, na kurasa 2 tupu. Halafu angalia tarehe za tiketi, hoteli, bima na ruhusa ya kazini zote zifanane, zikipishana umejitafutia maswali.

Msimu nao uangalie vizuri. Wengi wanadhani Ureno ni jua mwaka mzima, sio kweli, Novemba mpaka Februari mvua inanyesha haswa, na baridi ya nje unaivumilia ila ya ndani ndo itakushangaza, nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto nyumba nzima, kuta zina unyevu, unalala na sweta na soksi. Agosti ni joto na watu wamejaa kila kona. Mimi nasema Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba kuingia Oktoba. Labda uwe unaitaka sikukuu ya Santo António, usiku wa Juni 12 kuamkia 13, hapo mitaa ya zamani inachoma samaki wa sadini nje ya milango, muziki mpaka alfajiri, nenda kabisa ila chumba kishike miezi mingi kabla.

Viatu jamani, viatu. Lisbon ni vilima vitupu, na sehemu kubwa ya njia za miguu zimetandikwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa, meupe na meusi, wamevipanga kwa mikono vikatoa maua na mawimbi, vizuri kupita maelezo, ila vimesuguliwa na miguu ya watu mpaka vinang'aa na mvua ikigusa kidogo unateleza. Chukua viatu vyenye soli ya kushika, uvivae nyumbani wiki kadhaa vizoee mguu. Na kama unasafiri na mzazi mtu mzima au una mtoto wa kigari, uliza kabla hujalipa chumba, ni ghorofa ya ngapi na lifti ipo? Majengo mengi ya zamani ni ngazi tu, nyembamba, zenye giza.

Mtaa utakaokuteka ni Alfama. Aliyekulia Mji Mkongwe Zanzibar ataielewa mara moja, vichochoro vinapindapinda, gari halipiti, nguo zimeanikwa madirishani, bibi kakaa mlangoni anaangalia wapitao, na ramani ya simu inapotea kabisa. Kabla hujaenda soma kidogo kuhusu tetemeko la Novemba 1, 1755, lilipiga asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote watu wako makanisani, bahari ikafurika, halafu moto ukawaka siku kadhaa. Alfama kwa sehemu kubwa ilisalimika. Chini yake, Baixa, ilibomoka ikajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka, na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao ili nyumba isianguke ardhi ikitikisika tena. Ukijua hilo, unapotoka kwenye vichochoro ukaingia mitaa iliyonyooka utaelewa unaona nini.

Hapohapo ndo pananiuma. Mwaka 2012 sheria ya upangishaji ililegezwa, wageni wakazidi, nyumba za Alfama na mtaa wa zamani wa Mouraria zikageuzwa vyumba vya kukodisha watalii na wapangaji wa miaka mingi wakaondoka. Ule uzuri tunaoufuata ni wale watu, kwa hiyo ukitafuta pa kulala fikiria hoteli au nyumba ya wageni badala ya fleti iliyokuwa ya familia, usiku usipige kelele vichochoroni, masanduku ya magurudumu yabebe. Kodi ya jiji kwa mgeni ni euro 4 kwa kila usiku mpaka usiku wa 7, iweke kwenye bajeti.

Tramu namba 28, kile kigari cha reli kinachopita mitaani, kila mtu ataipanda, na wezi wa mifukoni wanalijua hilo, simu na pochi viwe mbele, na uipande asubuhi mapema ukianzia upande wa Campo de Ourique kama unataka kukaa. Soketi zao ni za pini mbili za duara, zetu za Kenya na Tanzania haziingii, beba adapta. Maji ya bomba yananyweka bila wasiwasi. Pesa toa kwenye mashine za Multibanco, na ikikuuliza kama ikubadilishie kwenda shilingi, kataa, chagua euro.

Mgahawani wataleta mkate, zeituni na jibini hujaagiza. Ukivila unalipia, usipovigusa hulipi, na kurudisha sio utovu wa adabu. Waislamu muwe makini na caldo verde, inaonekana supu ya mboga tu lakini humo huwekwa soseji ya nguruwe, vyakula halali viko kwa wingi Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, na msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha. Sambusa pia zipo, wanaziita chamuças, uliza tu ndani kuna nyama gani. Jifunze bom dia (habari za asubuhi) na obrigado (asante), mwanamke anasema obrigada, na usiwaongeleshe Kihispania. Ukienda kusikiliza fado, nyimbo zao za huzuni, mwimbaji akianza nyamaza kabisa, hata kijiko weka chini.

Sasa hili naomba usiliruke. Mtaa wa Belém, kando ya mto, wote wanapelekwa, mnara, monasteri ya Jerónimos, kaburi la Vasco da Gama. Mtu wa pwani yetu asifike pale bila kusoma habari za kwao. Mwaka 1498 huyo bwana alipita Mombasa na Malindi, mwaka 1502 akarudi na meli za mizinga akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa dhahabu. Dhahabu ile ilifika Lisbon, mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha ibada, fundi wake Gil Vicente akakikamilisha 1506, kinaitwa Custódia de Belém na ni mali ya Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes. Kina mitume 12 wamepiga magoti, kazi ya ajabu, unakiangalia huku unajua kimetoka wapi na kwa njia gani. Watalii wengi hawafiki makumbusho hiyo. Wewe fika, ila kwanza hakikisha mtandaoni kama pako wazi, Jumatatu hufungwa, na majengo ya zamani hufungwa pia kwa matengenezo.

La mwisho ni wewe mwenye kuanza kusema nahamia. Mapenzi ya mji huu yanakuja haraka, na mkataba wa nyumba usiusaini safari ya kwanza. Viza ya matembezi haikupi haki ya kuishi wala kufanya kazi, na mishahara ya Ureno ni midogo ukilinganisha na kodi za Lisbon, wenyeji wenyewe wanalia. Rudi tena Januari, chukua chumba mtaa wa kawaida kama Arroios au Benfica, panda metro asubuhi na watu wa kazini, nunua chakula sokoni upike mwenyewe, ongea na watu wa Cape Verde na Guinea-Bissau wanaokutana pale uwanja wa Largo de São Domingos karibu na Rossio wakueleze wanavyoishi. Baada ya hapo ndo uanze kuuliza bei.