Kumuaga Mkuu wa Shule na Madam wa Ushauri: Waageni Kama Watu Wawili

Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne nikitunza stoo ya shule hii ya bweni, nje ya mji wa Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Iringa. Unga, maharage, sabuni, magodoro na chaki vyote vimepita mkononi mwangu. Wanafunzi wananiita Mama Stoo. Mkuu wetu wa shule alitimiza miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima. Mkewe, ambaye ndiye mwalimu wetu wa ushauri nasaha, ana miaka 57. Yeye aliomba kustaafu kwa hiari ili waondoke pamoja kwenda kwao Njombe. Kamati ya kuwaaga ilipoundwa nikachaguliwa katibu. Tangu hapo wenzangu wa shule nyingine wananipigia kuuliza tulifanyaje, nikaona niandike.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Kwenye shule niliyofanya kazi kabla ya hapa niliwahi kuona mume na mke, wote walimu, wakiagwa siku moja. Yule mama alikuwa amefundisha miaka mingi, na kidato cha sita chote kilikuwa kinapita kwake kabla ya kuomba chuo. Siku ya kuagwa, mshereheshaji alimtaja mara moja tu: "mkuu wetu pamoja na mama yetu mpendwa." Akapewa kitenge. Nilipoingia jikoni kuongeza sahani nilimkuta anazifuta yeye, huku spika inataja sifa za mumewe huko nje. Nilimpokonya kitambaa. Aliniambia, "Acha tu mwanangu, wageni ni wengi." Usiku ule nililia.

Kwa hiyo kabla hamjahesabu mbuzi wala turubai, kubalianeni kwamba mnaaga watu wawili. Kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza niliandika hivi: wasemaji wawili, zawadi mbili, risala mbili, na kila mmoja aitwe kwa jina lake na cheo chake. Mjumbe mmoja alisema tunapoteza muda, mume na mke ni mwili mmoja. Nikamjibu kwamba kwenye daftari la mishahara wana mistari miwili. Tukaendelea.

Kamati isizidi watu saba. Yetu ilikuwa na makamu mkuu, mwalimu wa taaluma, patroni wa bweni la wavulana, mpishi mkuu, kaka mkuu, dada mkuu na mimi. Msimwache mpishi. Anajua nani alikuwa akija jikoni saa kumi na moja alfajiri kuonja uji wa wanafunzi, na kwetu aliyekuja ni Mkuu mwenyewe. Wala msijaribu kuifanya hafla kuwa siri, kwa sababu bwenini hakuna siri inayolala. Waendeeni nyumbani wote wawili, muwaombe ridhaa na muwaulize wasichokitaka. Mkuu alisema hataki kulishwa keki mbele ya wanafunzi. Madam alisema hataki mwanafunzi yeyote asimame kueleza alimsaidia nini. Hilo la Madam lilitupa kazi kubwa kuliko yote.

Kazi ya mkuu wa shule inaonekana. Yupo paredi kila asubuhi, yupo bwalo, yupo kwenye mahafali. Ukitaka mashahidi wake, piga kengele. Kazi ya mshauri inafanyika mlango umefungwa, na kwa upande wa maombi ya vyuo, sehemu yake kubwa hufanyika wakati mwanafunzi ameshaondoka. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei na kurudi kwao. Matokeo yanatoka Julai. Hapo ndipo maombi ya chuo na ya mkopo yanapopamba moto, na mtoto yuko Kibakwe au Kwamtoro akitafuta sehemu yenye mtandao. Tangu 2017 kila mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, na kila chuo kina mfumo wake. Fomu ya Bodi ya Mikopo inataka mdhamini, inataka saini ya serikali ya kijiji au mtaa na muhuri wa kamishna wa viapo, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Jina likiwa na herufi moja tofauti kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, ni safari nyingine ya kwenda kuapa. Madam alikuwa akiyamaliza hayo kwa simu, amekaa barazani kwake. Kwenye kaunta buku aliandika jina la kila mtoto, tahasusi yake, chuo alichoomba na kilichobaki kukamilika. Zile kaunta buku nilikuwa ninampa mimi kutoka stoo. Zimefika tisa.

Sasa mashahidi wa mtu kama huyu utawapata wapi? Watafuteni walikokwenda. Sisi tuna bahati kwamba Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kiko hapa hapa mjini tangu 2007, na Chuo cha Mipango pia hakiko mbali. Mwalimu wa taaluma alipanda daladala Jumapili moja mpaka UDOM akiwa na orodha ya majina kumi. Wale kumi wakawaita wenzao, na jioni walikuwa 23 chini ya mti. Wengine tuliwapata kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma hapa. Anzeni miezi minne kabla. Sisi tulianza miezi miwili na nusu kabla, na wapo ambao salamu zetu ziliwafikia lori limeshaondoka.

Hapo ndipo tulipotakiwa kuwa waangalifu. Aliyekwenda kwa mshauri akalia, machozi yake si mali ya sherehe. Wapo waliokwenda kwake kwa ada ya chuo, na wapo waliokwenda kwa mambo ya nyumbani ambayo hata mimi sitaki kuyajua. Kwa hiyo hatukuomba ushuhuda wa kusomwa. Nilichukua sanduku la mbao la stoo, nikatoboa tundu juu, nikalifunga kwa kufuli na kuliweka maktaba. Kila aliyetaka aliandika barua, akaifunga kwenye bahasha na kuitumbukiza. Waliokuwa mbali walituma kwa basi au kwa mkono wa mtu. Hakuna mwanakamati aliyefungua hata moja, na ufunguo nilikaa nao mimi mpaka siku ya hafla. Mkitaka kufanya hivi, semeni mapema na kwa sauti kwamba barua hazitasomwa na yeyote isipokuwa mwenyewe. Tulipolitangaza hilo paredi, sanduku lilijaa ndani ya wiki.

Kuhusu fedha, usimchangishe mwanafunzi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016, na ya kidato cha tano na sita ikaondolewa mwaka wa masomo 2022/23. Mzazi aliyepata nafuu hiyo asiletewe barua ya mchango wa zawadi. Wanafunzi wetu walitoa sauti zao na mikono yao: wimbo, risala, usafi wa uwanja. Fedha ilitoka kwa wafanyakazi na waliosoma zamani. Mweka hazina awe mmoja, simu ya kupokelea iwe moja, na kila Ijumaa orodha ya waliotoa na matumizi ibandikwe ofisi ya walimu. Zawadi nazo zitajwe mbele ya watu wote, pamoja na mwakilishi wa bodi ya shule. Mkuu wa shule ya serikali ni mtumishi wa umma, na zawadi iliyotolewa hadharani haimletei maneno.

Zawadi yenyewe inunuliwe kule wanakohamia. Kutoka hapa hadi Njombe, kupitia Mtera, Iringa na Makambako, lori linapakia kitanda, makabati na maisha ya miaka mingi. Ukiongeza kabati la vioo umewaongezea mzigo na hofu. Mbuzi wa kwenda naye anahitaji kibali cha kusafirisha mifugo, na mbuzi wa Ugogo hajazoea baridi ya Njombe. Tuliwauliza wanahitaji nini. Mkuu alisema nyumba yao haina tanki la maji. Mwanafunzi wake wa zamani anayeishi Njombe mjini akalinunua huko huko, la lita 2,000, akalisimamisha kwenye msingi wa matofali na kutuma picha. Picha hiyo tuliichapisha kubwa ndiyo tukamkabidhi siku ya hafla. Madam alipewa meza ya kuandikia yenye droo mbili, imechongwa na fundi wa Makambako. Kwa miaka yote hakuwahi kuwa na meza yake, alikuwa akiandikia ya chakula.

Tarehe iepuke mitihani. Na kama hafla inaangukia baada ya Mei, kama yetu ilivyoangukia Agosti, kidato cha sita waliowajua zaidi watakuwa wameondoka. Wafanyieni maagano yao madogo mwezi wa Aprili, jioni bwalo, bila mgeni rasmi: chai, maandazi, wimbo mmoja na kila mtoto kupeana mkono na wote wawili. Dakika arobaini zilitosha. Nawaambieni ukweli, ile jioni iliniingia kuliko siku yenyewe.

Siku yenyewe ikiwa Jumamosi, kumbukeni mnada wa mifugo wa Msalato nao ni Jumamosi. Mbuzi tuliwanunua Jumamosi iliyotangulia, watano, tukawafunga nyuma ya jiko kwa wiki nzima. Tengeni fedha ya majani na mtu wa kuwalinda usiku. Kingine ni upepo. Agosti Dodoma upepo unabeba vumbi na turubai pia. Geuzeni migongo ya hema upande unakotoka upepo, kazeni kamba zake kwa mawe, na vyakula vyote vifunikwe. Pilau, nyama choma, ugali na mlenda vilitosha, sina la kuongeza hapo.

Kuingia kwao tulikutenganisha, na hilo naliona ndilo tulilolifanya vizuri zaidi. Mkuu aliingia kwanza akisindikizwa na wanafunzi kwa wimbo wa shule. Wazee wa kijiji jirani wakamvika shuka begani na kumpa fimbo. Halafu tukanyamaza. Baada ya muda kidogo tukasikia muheme kutokea upande wa mabweni ya wasichana. Muheme ni ngoma ya Kigogo inayopigwa na wanawake, ngoma imebanwa kati ya mapaja, na sauti yake unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Kina mama wa kijijini ndio waliomleta Madam. Umati wote ulisimama. Mkiwaalika kikundi cha ngoma, patanini malipo mapema na muwalipe siku hiyo hiyo, pamoja na nauli na chakula. Wasiwe watu wa kusubiri mpaka turubai lishushwe.

Hotuba zisizidi dakika tano. Dada mkuu alikaa mstari wa mbele na kitambaa cha kijani, akikiinua msemaji anamaliza. Msemaji wa Mkuu alikuwa mwalimu aliyeanza naye kazi. Wa Madam alikuwa kijana aliyemaliza 2016, sasa ni muuguzi. Hakueleza alisaidiwa nini. Alisoma tu majina ya vyuo ambavyo watoto wa shule hii wamefika, kimoja baada ya kingine, kama yalivyo kwenye kaunta buku, ambazo Madam aliruhusu tunakili orodha ya vyuo bila majina ya watu. Alipomaliza, mpishi wetu mkuu alimfunga Madam kanga kiunoni. Tuliichagua kwa maandishi yake: Wema hauozi. Kisha nikampa ufunguo wa sanduku. Barua zilikuwa 187.

Msisahau makabidhiano. Ya Mkuu yana utaratibu wake wa ofisi: hesabu ya mali, vitabu, mihuri. Ya Madam hayakuwa na karatasi yoyote, ikabidi tuyatengeneze. Kwa wiki mbili mwalimu kijana anayepokea kazi yake alikaa naye barazani wakipitia kaunta buku, ukurasa kwa ukurasa, waliokwama na waliomaliza. Maelezo ya siri Madam aliyachana mwenyewe na kuyachoma. Tukanunua laini ya simu ya shule kwa ajili ya ushauri, na namba yake ikaandikwa kwa rangi ukutani ili wanaomaliza wasipige tena ile ya Madam.

Waliondoka Jumanne alfajiri. Wanafunzi walijipanga kuanzia geti mpaka barabarani. Vitu vyote vilipanda nyuma ya lori isipokuwa lile sanduku, ambalo Madam alilipakata mbele. Walipofika Mtera simu yake iliita. Alikuwa mvulana wa kidato cha sita, yuko Chemba, jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa limepungua herufi moja. Dereva ndiye aliyenisimulia. Alisema Madam alimwomba asogee pembeni penye kivuli, akatoa kalamu, na yeye dereva akazima injini ili wasikilizane.