Katolewa uvimbe wa figo na tezi dume kwa roboti, karudi Tanga: mumtunze hivi

Matundu ya upasuaji wa roboti hayazidi sana sentimita moja, na ndiyo yanayowadanganya watu. Wageni wanakuja kumjulia hali, wanasema "mbona kapona!", kumbe ndani figo imekatwa sehemu yenye saratani, tezi dume yenye saratani nyingine imetolewa, na kibofu kimeshonwa upya kwenye njia ya mkojo. Mshono huo ndio wa kulindwa.

Mpira wa mkojo hukaa siku 7 hadi 14, kadiri daktari alivyoagiza. Ukichomoka kabla, asiurudishe mtu nyumbani, hata kama jirani ni muuguzi: ncha yake inaweza kufumua mshono. Pigieni simu waliompasua, kisha mpelekeni hospitali. Mfuko uwe chini ya kibofu saa zote, hata akilala, na umwagwe kabla haujajaa. Avae msuli badala ya suruali. Haubani mpira na unausitiri mfuko. Mkojo ukivuja pembeni, angalieni kwanza kama mpira umekunjika au umekaliwa.

Mkojo wa rangi ya waridi baada ya haja kubwa si wa kutisha. Mabonge ya damu, mkojo kukata, homa ya 38 na kuendelea, shavu la mguu mmoja kuvimba, pumzi kubana: hospitali ya Bombo, saa hiyohiyo.

Kosa kubwa hutokea duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na huyu figo zake si kamili tena. Parasetamoli inatosha wengi, kwa dozi aliyoandikiwa. Madafu nayo yana potasiamu nyingi. Kama kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) imepanda, amuulize daktari kwanza.

Asikamue chooni. Mpeni papai, machungwa ya Muheza, maji ya kutosha, na dawa ya kulainisha choo kama ameandikiwa. Bomba la kusafishia tumbo, hapana kabisa: ukuta wa njia ya haja kubwa umepakana na palepale palipokatwa.

Kwa wiki 6 asinyanyue zaidi ya kilo 5, yaani kidumu cha lita 5 ndiyo mwisho, ndoo asahau. Atembee kila siku, damu isigande miguuni. Na baiskeli, najua hapa Tanga ni kama kumfunga mtu miguu, lakini tandiko hukandamiza palepale penye mshono. Asipande hadi daktari aruhusu.

Kwa kuwa saratani ni mbili, daini majibu mawili ya vinyama vilivyopelekwa maabara na ratiba mbili: PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ya kwanza huchukuliwa baada ya wiki 6 hivi au zaidi, na figo ina kreatinini na CT-scan zake. PSA nzuri haisemi lolote kuhusu figo.