Ukihamia kambi ya dagaa, anza na maji

Wengi wanaoondoka Mwanza kwenda kambi za visiwani, iwe Ukerewe au Goziba, hubeba godoro, sufuria na unga. Vizuri. Lakini mimi nakusihi ubebe pia madumu matatu makubwa yenye vifuniko.

Sababu ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi yako unapooga au kufua ufukweni, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Huhitaji hata kuyanywa. Vikishakuwa nje ya konokono haviishi zaidi ya siku mbili, kwa hiyo maji yakihifadhiwa saa 48, bila konokono ndani, yanafaa kuogea. Chota Jumatatu dumu la kwanza, Jumanne la pili, Jumatano la tatu. Jumatano hiyo hiyo unaanza kutumia lile la Jumatatu, na mzunguko unaendelea. Ya kunywa chemsha, hilo halina mjadala.

Kibanda chenyewe kijengwe juu kidogo ya ufukwe, mlango usielekee upepo wa ziwani. Chandarua ni lazima, tena kwa mvuvi wa dagaa ni cha mchana pia, maana usiku uko ziwani ukivutia dagaa kwa taa, na usingizi wako ni wa asubuhi.

Mbalamwezi ikikolea, taa zikashindwa kuvuta dagaa na kazi kusimama, ndugu yangu, usilale tu kambini. Panda boti, nenda zahanati ukapime kichocho. Dawa yake ipo, na inatibu.