Konsoli yako inaweza kuongezewa diski ya aina nyingine? Pima hivi kabla hujatoa hela

"Kaka, hii Xbox 360 nikiifungua nikaweka draivu ya Blu-ray ya kompyuta, si itasoma?" Hili swali la Blu-ray (diski yenye nafasi kubwa kuliko DVD) nimeulizwa mara nyingi mno, na kila nikijibu kwa neno moja tu, hapana, mtu anaondoka hajaridhika na anaenda kununua ile draivu hivyo hivyo, hela yake inapotea na mimi roho inaniuma. Kwa hiyo leo naeleza njia nzima ninayotumia kupima konsoli (mashine ya gemu) yoyote ile, halafu mwishoni nitasema ununue nini kama shida yako ni kuangalia muvi.

Wengi wanadhani kikwazo ni mashine, eti draivu haienei au bodi haina nguvu. Mara nyingi mashine inaweza kabisa, kinachokosekana ni ruhusa, na ruhusa inalipiwa.

Anza na jicho la draivu

Hapa hapachukui muda. CD inasomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa leza nyekundu ya 650, Blu-ray kwa leza ya buluu ya 405. Wimbi likiwa fupi jicho linasoma alama ndogo zaidi, ndio maana DVD ya tabaka mbili inaishia GB 8.5 wakati Blu-ray ya tabaka mbili inabeba GB 50. Halafu data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski, ya DVD iko milimita 0.6 ndani, kwa hiyo hata lenzi ni tofauti. Mtu akikwambia kuna apdeti au programu ya kuflashi itakayofanya draivu ya DVD isome Blu-ray, muage kwa heshima uondoke.

Ila kama leza ni ile ile, usikimbilie kusema mashine haiwezi. Angalia Wii ya Nintendo. Diski zake zina saizi ile ile ya DVD na leza ni ile ile nyekundu, lakini ukiweka muvi ya DVD inakataa. Watu wakadukua Wii za mwanzo wakaweka programu ya kuchezeshea na muvi zikacheza bila kuongeza hata skrubu moja! Na Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo, alilizungumzia wazi mwaka 2011 ilipotangazwa Wii U, konsoli iliyofuata, kwamba hawataweka DVD wala Blu-ray kwa sababu ya gharama zinazotokana na hataza (patenti) za teknolojia hizo, na watu wengi tayari wana mashine za kuchezeshea nyumbani.

Sasa uliza: nani analipwa?

Hapa ndipo penyewe, na ndipo ningependa utulie usome taratibu.

Diski moja ya DVD haina mwenyewe mmoja. Kuna kundi la hataza la Philips, Sony na Pioneer, kuna kundi lingine la kina Toshiba, Hitachi na Panasonic, halafu picha yenyewe imebanwa kwa MPEG-2 ambayo nayo ilikuwa na wenyewe wake, sauti ni ya Dolby, na juu ya yote kuna kufuli linaloitwa CSS ambalo ufunguo wake unapewa kwa mkataba. Kila mashine iliyotoka kiwandani ikiwa na uwezo wa kucheza muvi ilitakiwa ilipiwe huko kote, kabla hataza nyingi hazijaisha muda wake. Kwa mashine moja ni hela ndogo, lakini ukitengeneza mamilioni ya konsoli ambazo tayari unauza kwa faida finyu au hasara, inauma.

Ndio maana Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, ilikuwa na draivu ya DVD kabisa lakini ukitaka kuangalia muvi ulinunua rimoti na kipokezi chake kwa dola 29.99. Programu ya DVD ilikuwa ndani ya kile kipokezi unachochomeka mbele. Yaani Microsoft walihamishia ile gharama kwa anayetaka muvi tu, wengine wasibebeshwe. PS2 yenyewe ilitoka 2000 na DVD ndani yake bila kuongeza kitu, na kumbuka Sony ni mmoja wa wenye hataza, sehemu ya hela inatoka mfuko huu inaingia mfuko ule. Mshindani hana hiyo nafuu.

Na sio hela tu, ni nani anashika mpini. Kuna kisa ambacho kila anayependa konsoli anapaswa akijue. Nintendo na Sony walikuwa na mkataba wa kuiongezea Super Nintendo draivu ya CD, na Sony wangetengeneza pia mashine yao inayosoma katriji na CD. Kwenye maonesho ya CES kule Chicago, Juni 1991, Sony wakaitangaza, kesho yake Nintendo wakatangaza kwamba wanafanya kazi na Philips! Kilichowatisha Nintendo ni kwamba ule mkataba uliwapa Sony mamlaka juu ya gemu za CD, na Nintendo waliishi kwa hela ya leseni ya kila gemu linalotoka kwenye mashine yao. Vifaa vilikuwepo, hata sampuli moja ya ile mashine ilikuja kuonekana mwaka 2015. Mkataba ndio uliokwama, na Sony wakaenda kutoa PlayStation yao wenyewe Desemba 1994.

Turudi kwenye Xbox 360 na Blu-ray. Microsoft walikuwa upande wa HD DVD ya Toshiba, diski iliyoshindana na Blu-ray, na menyu za HD DVD zilitumia teknolojia ya Microsoft yenyewe, wakati menyu za Blu-ray zilitumia Java, na Blu-ray ndiyo diski ya PS3. Novemba 2006 wakatoa draivu ya HD DVD ya nje, unachomeka kwa USB, dola 199. Februari 2008 Toshiba wakakubali kushindwa na ile draivu ikaachwa. Watu tulisubiri wee labda watatoa na ya Blu-ray kwa USB, haikuja kamwe. Blu-ray iliingia kwenye mashine ya Microsoft mwaka 2013 na Xbox One.

Halafu muvi za Blu-ray zina kufuli la AACS ambalo ni kali kuliko la DVD. Kila mashine au programu ya kuchezeshea inapewa funguo zake, na zikivuja zinafutwa, ilitokea 2007 kwa programu za kompyuta ikabidi watumiaji waapdeti la sivyo muvi mpya zigome. Kwa hiyo hata ukifanikiwa kuunganisha draivu ya kompyuta kwenye 360 yako, ndani ya 360 hakuna programu yenye funguo hizo. Itasoma nini sasa?

Angalia kama draivu imeoana na bodi

Hii ni kwa mafundi na kwa wewe unayempelekea fundi. Draivu ya Xbox 360 ina ufunguo wake unaolingana na bodi kuu ya mashine ile ile. Ukitoa draivu nzima kwenye 360 nyingine ukaifunga kwako, utaona kitu kinachochanganya sana, muvi za DVD zinacheza vizuri lakini gemu halichezi, linaonekana kama DVD ya kawaida au unaambiwa diski hiyo iwekwe kwenye Xbox 360, wakati ndiyo hiyo! Nilishawahi kuletewa mashine ya hivyo, fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha draivu yote na ile ya zamani ameshaitupa. Inasikitisha kwa sababu dawa ilikuwa rahisi: unabadilisha lenzi au mota, ila ile bodi ndogo ya kijani iliyo chini ya draivu yako ya asili unairudisha. Kama draivu mpya ni ya toleo tofauti na bodi haiingiliani, ufunguo unatakiwa usomwe kwenye ya zamani na uandikwe kwenye mpya, kazi ya mwenye vifaa vyake.

PS4 na Xbox One nazo zina mtindo huo huo. Sheria ninayomwambia kila mtu: bodi ya draivu ya asili haitoki nje ya duka la fundi bila wewe kuiona. Ikifa yenyewe, umepoteza gemu za diski zote.

Usitegemee gemu kuongezeka

Hata zile draivu za nje zilizotoka rasmi, ile ya HD DVD ilikuwa ya muvi tu. Hakuna gemu hata moja la 360 lililotoka kwenye HD DVD, na sababu unaielewa ukiwaza kama mtengenezaji, utatoaje gemu ambalo wenye draivu ya ziada peke yao ndio wataweza kulicheza? Ndio maana gemu la Final Fantasy XIII lilitoka kwenye diski tatu kwa 360 na diski moja tu kwa PS3. Mashine ya msingi ndiyo inayoamua.

Sasa ununue nini

Kama unataka Blu-ray na bajeti ni ndogo, tafuta PS3 iliyotumika, mfumo wake unacheza DVD na Blu-ray moja kwa moja. Ukitaka diski za 4K (Blu-ray za picha kali zaidi) tafuta Xbox One S yenye draivu, ilitoka 2016 na inasoma, wakati PS4 Pro ya mwaka huo huo haisomi japo imeandikwa 4K, watu wengi wameangukia hapo.

Kwa Xbox One yoyote yenye draivu, programu ya Blu-ray haiji ndani, unaipakua bure dukani kwao, na PS4 inataka intaneti mara ya kwanza ili kufungua uwezo wa kucheza muvi za diski. Kwa hiyo kama nyumbani huna intaneti, nenda kwa muuzaji na diski yako ya muvi, mwambie awashe, unganisha bando la simu, muvi icheze ukiwa umesimama pale ndipo utoe hela. Na ukishafika nyumbani usifute mashine yote kurudi ilivyotoka kiwandani, maana utaanza upya kupakua.

PS5 soma vizuri. Ile ya kwanza isiyo na draivu, ya 2020, haiongezewi. Nyembamba ya 2023 isiyo na draivu na PS5 Pro zinakubali draivu rasmi inayochomekwa pembeni: zima mashine, chomoa umeme, toa kava la upande wa draivu, ichomeke, washa na fuata maelekezo kwenye skrini. Hapo napo intaneti ni lazima mara ya kwanza, ili draivu ioanishwe na mashine. Xbox Series S haina njia kabisa, hata draivu ya USB haiitambui.

La mwisho ni kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski au mashine imetengenezewa. Konsoli zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya na Afrika zinacheza Blu-ray za kanda B, za Marekani zenye alama ya kanda A hazitafunguka. DVD zetu huku ni kanda 5 wakati mashine iliyotoka Uingereza ni kanda 2. Geuza kasha la muvi nyuma uangalie hiyo alama kabla hujanunua, ila diski za 4K zenyewe hazina kanda.