Somo: Jinsi ya kujua samaki wa baharini anakula nini kwa kumwangalia mwili wake

Wakuu, tafuteni samaki mzima, mwenye kichwa chake, twende taratibu. Hili somo nalipenda sana.

Hatua ya 1: angalia mdomo umeelekea wapi. Ukielekea juu, anawinda vilivyo juu yake. Ukiwa chini ya kichwa, anaokota sakafuni.

Hatua ya 2: fungua mdomo uangalie meno. Yaliyochongoka na kuinamia ndani ni ya kushika kitu kinachoteleza kisichomoke, yale butu kama vijiwe ni ya kuponda kaa na makombe. Pono ndo ananifurahisha zaidi, meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku, anakwangua mwani kwenye matumbawe, halafu kooni ana meno mengine ya kusagia, na yale matumbawe aliyomeza yanatoka kwa nyuma yakiwa mchanga mweupe kabisa.

Hatua ya 3: inua kifuniko cha shavu. Upande wa ndani wa matamvua kuna vijiti kama meno ya kitana, vikiwa virefu na vimebanana kama vya dagaa, huyo anachuja vijidudu majini.

Hatua ya 4, na hapa wengi wanaruka: jiulize anajuaje chakula kilipo. Mchukue samaki taa, macho yake yapo juu, mdomo uko chini, yaani anachokula hakioni! Mgeuze, kuzunguka mdomo utaona vitundu vidogo vimejaa ute kama jeli. Daktari Mwitaliano Stefano Lorenzini alivieleza tangu 1678 ila kazi ya vitundu hivyo ilijulikana karne ya 20: vinanasa umeme mdogo unaotoka kwenye mwili wa kiumbe hai, hata kama kimejifukia mchangani. Kwa hiyo usisome mdomo peke yake.

MASWALI

Swali: Mkuu, papa shilingi ni mkubwa kuliko samaki wote, mbona hali watu?
Jibu: Meno anayo, maelfu, ila ni madogo mno na hayatumii kulia. Anafungua mdomo, anachuja planktoni, yaani vijidudu vinavyoelea majini.

Swali: Na mkundaji zile ndevu za nini?
Jibu: Zinaonja, ndugu. Anazipapasisha mchangani, zikigusa mnyoo au kamba anafukua hapohapo.

Swali: Pweza je, hana mfupa hata mmoja, kaa anamvunjaje?
Jibu: Katikati ya mikono ana mdomo mgumu kama wa kasuku, na mate yake yana sumu ya kumlegeza kaa. Halafu vile vikombe vya mikononi vinaonja pia, akiingiza mkono kwenye tundu la mwamba anajua kilichomo bila kuchungulia.