Kufuatilia miezi minne ya Mshtarii kwa darubini ya mkono na daftari

Mwongozo huu ni wa mtu anayependa kutazama anga la usiku lakini hana darubini kubwa, na wala hahitaji kuwa nayo. Unachohitaji ni darubini ya macho mawili, ile wanayotumia watazamaji wa ndege, pamoja na daftari, penseli na mwezi mmoja na nusu wa subira. Ukimaliza utakuwa umepima mwenyewe muda ambao angalau miezi miwili ya Mshtarii huchukua kuizunguka sayari hiyo, na si kwa kusoma mahali.

Darubini yenye alama ya 10×50 inafaa sana. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Hata 7×50 itakuonyesha miezi miwili ya nje. Usivutiwe na ile inayokuza mara 20 kama huna stendi, kwani pamoja na sayari hukuza na mtetemo wa mikono yako.

Hatua ya 1: Itambue Mshtarii

Tafuta kitu chenye nuru nyeupe inayoelekea manjano kidogo, kisichometameta, kwenye njia ile ile wanayopita Jua na Mwezi angani. Nyota humetameta kwa sababu nuru yake hutoka kwenye nukta moja tu na hewa huichezea. Sayari ina upana kidogo, kwa hiyo nuru yake hutulia.

Anayeweza kukuchanganya ni Zuhura, nami aliwahi kunipotezea jioni nzima nikisaka miezi ambayo hana. Kipimo ni hiki: Zuhura haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 47 hivi, kwa hiyo utaiona jioni upande wa machweo au alfajiri upande wa mawio tu. Ukiona taa nyeupe imetulia juu kabisa usiku wa manane, hiyo si Zuhura. Mirihi nayo utaijua kwa wekundu wake.

Wakati mzuri ni miezi michache kabla na baada ya Mshtarii kuwa mkabala na Jua, yaani Dunia inapokuwa katikati yao. Siku hizo huchomoza Jua linapotua na kukaa angani usiku kucha. Hali hiyo hurudi kila baada ya miezi 13 hivi: mkabala wa Januari 2026 unafuatwa na ule wa Februari 2027. Ikiwa sasa hivi Mshtarii iko karibu na Jua, subiri, hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 2: Tuliza darubini

Hapa ndipo wengi hushindwa, halafu husema darubini yao ni mbovu. Miezi hii kwa mwangaza wake ingeweza kuonekana hata kwa macho matupu mahali penye giza, maana kipimo chake cha mwangaza, ambacho namba ikiwa kubwa nuru ni hafifu, ni kati ya 4.6 na 5.7 na jicho zuri hufika 6. Kinachoificha ni mng'ao wa sayari yenyewe. Mkono ukitetemeka, mng'ao huo husambaa na kuimeza.

Stendi ya miguu mitatu ndiyo bora. Kama huna, lala kwenye kiti cha kuegemea, viwiko juu ya kifua. Au simama, uegemeze ubavu wa darubini kwenye nguzo au fremu ya dirisha lililo wazi. Usitazame kupitia kioo cha dirisha, kitakupa Mshtarii wawili. Mimi hutumia ufagio: kichwa chake juu, mpini chini, darubini imelala juu ya kichwa. Watu hucheka, lakini inatulia.

Kisha rekebisha macho. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka nyota yoyote iwe nukta kali machoni pa kushoto. Fumba la kushoto, zungusha pete iliyo kwenye kijicho cha kulia mpaka nyota hiyo hiyo iwe kali tena. Ukiona Mshtarii ina miiba au mkia, ama hujamaliza kurekebisha, ama lenzi zina alama za vidole.

Hatua ya 3: Tazama mapema

Ushauri wa kawaida ni kukaa gizani dakika 20 au 30 ili macho yazoee. Kwa Kilimia, kwa Njia Nyeupe, kwa kitu chochote hafifu, ni ushauri sahihi. Kwa kazi hii uache. Jicho lililozoea giza kabisa hupofushwa na Mshtarii. Wakati ninaoupenda ni jioni, anga likiwa bado na ubuluu, kabla giza halijakolea. Mng'ao hupungua na vinukta hujitokeza pembeni. Taa za mjini hazizuii chochote hapa, na hata Mwezi mpevu hauharibu kazi.

Ila hakikisha Jua limezama kabisa. Kulitazama Jua kwa darubini hata kwa nukta moja ya wakati kunaweza kukupofusha moja kwa moja.

Utaona kiduara kidogo cheupe, na kando yake vinukta viwili, vitatu au vinne vimejipanga kwenye mstari mmoja. Mstari huo hautokani na bahati. Miezi yote minne huzunguka karibu sawa na ikweta ya Mshtarii, nasi tunaiona njia yao kwa ubavu, kama sahani iliyoshikwa usawa wa jicho. Nukta iliyo mbali na mstari ni nyota tu.

Hatua ya 4: Chora, na uandike magharibi iko wapi

Chora kiduara katikati ya mstari, weka nukta mahali ulipoziona, andika tarehe na saa. Umbali ukadirie kwa vipenyo vya Mshtarii: "nukta hii iko vipenyo vitano kushoto." Mng'ao huinenepesha sayari, kwa hiyo makadirio yako yatakuwa madogo kuliko ukweli. Usijali. Ukitazama kila usiku katika hali ile ile, kosa litakuwa lile lile, na sisi tunataka uwiano tu.

Sasa kosa nililolifanya mimi wiki nzima ya kwanza: niliandika "kushoto" na "kulia" basi. Mstari wa miezi hugeuka kadiri Mshtarii inavyopanda na kushuka angani, na kile kilichokuwa kulia ikichomoza huenda kikawa chini au hata kushoto baadaye. Michoro yangu saba haikufaa kitu. Dawa ni hii: funga darubini kwenye stendi, iache bila kuigusa, subiri dakika tano. Mshtarii itakuwa imesogea. Upande inaoelekea ndio magharibi. Andika M hapo. Darubini ya macho mawili haipindui picha, lakini darubini kubwa nyingi hupindua, na njia hii hufanya kazi kwa zote.

Hatua ya 5: Rudi kila usiku, saa ile ile

Ukianza saa mbili usiku, baki na saa mbili. Mawingu yatakukatisha, wala usihuzunike. Galileo, mwanaastronomia wa Italia, alipoanza kazi hii hii huko mjini Padua tarehe 7 Januari 1610 aliona nukta tatu, mbili mashariki na moja magharibi. Kesho yake zote tatu zilikuwa magharibi. Tarehe 9 mawingu yakamfungia, na tarehe 10 akaona mbili tu, zote mashariki. Ya nne aliiona tarehe 13. Darubini yake ilikuza mara 20 hivi, na lenzi zako ni safi kuliko zake kwa mbali.

Usiku ambao huoni kitu, andika "sioni" badala ya kuacha ukurasa mtupu. Nukta iliyopotea huenda iko mbele ya sayari, nyuma yake, au ndani ya kivuli chake.

Hatua ya 6: Nani ni nani

Kuanzia ndani ni Io, Europa, Ganimedi na Kallisto. Anza na Ganimedi, kwa kuwa unang'aa kuliko wote na huenda mbali vya kutosha kuukwepa mng'ao. Nukta iliyo mbali kupita kiasi, hafifu kidogo, ni Kallisto. Europa utauona siku ukiwa mwisho wa njia yake. Io ni mtihani. Hauendi mbali zaidi ya vipenyo vitatu vya Mshtarii, na kwa darubini inayokuza mara 10 mara nyingi humezwa. Tena hujificha kwa hila nyingine: huzunguka kwa siku 1.77, kwa hiyo ukitazama kila usiku saa ile ile huonekana kama unaruka upande huu na ule. Kwa mwezi huo huo mkaidi, mwanaastronomia wa Denmark, Ole Rømer, mwaka 1676 alitambua kwamba nuru huchukua muda kusafiri: Io ulikuwa ukichelewa kuingia na kutoka kivulini kadiri Dunia ilivyokuwa mbali.

Baada ya wiki moja fungua ukurasa wa siku saba nyuma na uulinganishe na wa leo. Ninampa kila anayeanza zoezi hili, na kila mara hushangaa: vinukta vimerudi karibu pale pale, isipokuwa kimoja. Ganimedi huzunguka kwa siku 7.15, Europa kwa nusu ya hizo, Io kwa robo. Kwa hiyo kila wiki wote watatu hurudi karibu mahali pamoja. Aliyehama ni Kallisto, ambao mzunguko wake ni siku 16.7.

Hatua ya 7: Hesabu

Tafuta usiku ambao Ganimedi uko mbali kabisa upande mmoja. Haitakuwa rahisi kusema ni usiku upi hasa, kwa maana mwezi ukifika mwisho huonekana umesimama, kama bembea kabla ya kurudi. Ndiyo sababu mzunguko mmoja hautoshi. Hesabu mitano. Ukipata kwamba umerudi kwa mara ya tano baada ya siku 36, gawanya: 7.2. Kosa la nusu siku limegawanywa kwa tano na kuwa dogo. Fanya vivyo hivyo kwa Kallisto, mizunguko miwili itatosha.

Kisha chukua umbali mkubwa kabisa uliouandika wa Kallisto, uugawanye kwa ule wa Ganimedi. Jibu sahihi ni 1.76, lako likiwa kati ya 1.6 na 1.9 umefanya vizuri. Liandike mara tatu na uzidishe: 1.76 × 1.76 × 1.76 = 5.45. Gawanya siku za Kallisto kwa za Ganimedi upate 2.33, uizidishe hiyo yenyewe kwa yenyewe mara moja tu: 2.33 × 2.33 = 5.43. Namba hizo mbili zinakaribiana kwa sababu ya kanuni ambayo Kepler, mwanaastronomia wa Ujerumani, aliitangaza mwaka 1619 kuhusu umbali na muda wa mzunguko wa sayari kulizunguka Jua. Programu kama Stellarium itakuonyesha miezi ilikuwa wapi usiku wowote, ila ifungue baada ya kuchora, si kabla. Ukiifungua kabla, jicho litaona kile lilichokwisha kuambiwa.